Saa ya Mkono wa Kushoto

Kwa miezi minne kulikuwa na kurasa sita kwenye simu yangu ambazo sikuzifunga. Zote zilikuwa za saa za kukimbia. Moja ilikuwa ya duka la mjini lililokuwa likiuza saa niliyoitaka kwa shilingi 38,000. Ya pili ilikuwa ya duka lingine lililouza hiyo hiyo kwa 41,500, lakini likiahidi dhamana ya mwaka mzima. Ya tatu ilikuwa ya jamaa anayeleta vitu kutoka Dubai na anayejibu kila swali la bei kwa "njoo inbox." Tatu zilizobaki zilikuwa video za watu wa ng'ambo wanaolinganisha saa moja na nyingine kwa dakika arobaini nzima, kana kwamba wanachagua figo.

Nilikuwa nikiziangalia kwenye matatu. Nikikosa usingizi, naziangalia. Nilifika mahali nikajua uzito wa kila saa kwa gramu, na bado sikuwa nimenunua hata moja.

Ukiwa Mkenya, kutaka saa ya kukimbia ni jambo la kuchekesha kidogo. Watu hupanda ndege kutoka mbali kuja Iten kuona tunavyokimbia. Nilipomwambia kaka yangu bei, alinyamaza kwenye simu hadi nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema, "Kipchoge Keino alishinda dhahabu Mexico 1968. Alikuwa amevaa saa gani?"

Nikamwambia Kipchoge Keino alikuwa na mapafu ya Kipchoge Keino. Mimi nina mapafu ya mtu anayekaa kwenye kiti saa tisa kwa siku akijibu barua pepe za wateja wa bima.

Na kusema kweli, hoja ya kaka haina mashiko. Wanariadha wametaka kujua muda tangu zamani. Paavo Nurmi, yule Mfini aliyetawala mbio ndefu miaka ya 1920, alikuwa maarufu kwa kukimbia akiwa ameshika saa ya kupimia muda mkononi. Naye Kipchoge wa pili, Eliud, alipomaliza kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, mbele yake kulikuwa na gari linalomulika mistari ya kijani barabarani ili yeye na waliomsindikiza wajue mwendo unaotakiwa. Huyo huyo Eliud aliwahi kuwa balozi wa saa za Coros. Kwa hivyo sikuwa najiuliza kama saa humsaidia mkimbiaji. Nilikuwa najiuliza kama saa ya thao thelathini na nane itanisaidia mimi, na kunisaidia kufanya nini hasa.

Hapo ndipo stori inakuwa ndefu.

*

Sikuanza kukimbia kwa sababu napenda. Machi mwaka jana, Mama alianguka jikoni kwake Voi. Kiharusi. Alikuwa na presha kwa miaka minane, na sote tulijua, ila tulijua kwa namna ile ambayo familia hujua mambo: tulijua na hatukufanya chochote. Vidonge alikuwa akimeza siku ambazo kichwa kilimuuma. Siku ambazo hakikumuuma aliviweka akiba, kwa sababu dawa ni pesa, na yeye ni mwalimu wa chekechea aliyestaafu ambaye hajawahi kutupa hata mkebe wa Blue Band. Ubaya wa presha ni kwamba mara nyingi haiumi. Inaweza kukaa mwilini miaka na miaka ikifanya kazi yake kimya kimya, na siku utakayoisikia unakuta imeshaharibu.

Alipona, kwa kiasi. Anaongea vizuri, anatembea na mkongojo, anagombana na wajukuu. Lakini mkono wa kushoto haukurudi. Huuweka mapajani kama mtoto wa jirani aliyeachiwa amshike kidogo.

Miezi mitatu baadaye, kazini kwetu walikuja watu wa kupima afya bure. Nilipanga foleni kwa sababu walikuwa wanagawa juisi. Muuguzi alinifunga mkono, akaangalia mashine, akaniambia nitulie dakika tano, akanipima tena, kisha akaandika kwenye kikaratasi: 148/94. Mimi nina miaka 29. Kikomo ambacho madaktari wengi huanza kuita presha ya juu ni 140 kwa 90.

Daktari niliyemwona wiki iliyofuata hakunipa dawa. Alisema turudie kupima mara kadhaa, nipunguze chumvi, nilale vizuri, na nifanye mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima. "Kuna mtu ana presha nyumbani?" akauliza. Nikasema Mama. Akaandika kitu kwenye faili. Sikukiona, lakini kalamu niliisikia.

Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa Kamiti Road, nikikimbia kama mtu aliyeiba.

*

Naishi Kahawa West. Saa hizo barabara ni ya watu wanaowahi magari, akina mama wa mandazi, na wanafunzi wenye mikoba mizito kuliko wao. Nilikimbia kama mita mia sita, nikasimama, nikashika magoti. Makanga aliyekuwa ananing'inia mlangoni akanipigia kelele, "Madam, ingia tu, tunaenda huko huko!" Gari zima likacheka. Ningecheka pia ila sikuwa na pumzi.

Nilikuwa na simu mkononi na Strava ya bure. Sitakudanganya, Strava ya bure inatosha kuanzia. Inakupa umbali, muda na mwendo wako. Tatizo ni simu yenyewe. Ukiishika mkononi, unakimbia ukiwaza nduthi itakayopita karibu na kuondoka nayo. Ukiiweka mfukoni, inakuchapa paja. Ukiifunga begani kwa ule mkanda, huoni kitu mpaka usimame. Na ukitoka jasho, skrini inakataa vidole. Kwa hivyo nilijua nilivyokimbia baada ya kumaliza tu. Wakati nakimbia nilijua kitu kimoja: nakufa.

Mtu mmoja kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha wakimbiaji wa Jumamosi akaniandikia, "Wewe unahitaji saa." Na mwezi huo huo chama kilikuwa kimenifikia. Tuko wasichana kumi, kila mmoja anatoa elfu nne kwa mwezi, kwa hivyo zamu yako ikifika unashika 40,000. Saa ni 38,000. Unaona jinsi shetani anavyojua hesabu.

*

Nikaanza kusoma. Soko la saa lina ghorofa nne. Chini kabisa ni saa za kawaida zenye kipima muda. Casio F-91W ilitoka 1989 na bado inauzwa. Betri yake hukaa miaka, haijui uko wapi na haijali. Juu yake kuna zile saa janja za elfu tatu hadi sita ambazo ziko kila duka la simu. Nyingi hutegemea GPS ya simu yako, maana yake bado unabeba simu. Kisha za kati. Garmin Forerunner 165 ilitoka Februari 2024 ikianzia dola 249 kule Marekani, na Coros Pace 3 ilitoka 2023 kwa dola 229. Ghorofa ya juu ni za dola mia tano kupanda, zenye ramani na, nyingine, tochi na kioo cha yakuti.

Dola 249 zikifika Nairobi si dola 249 tena. Kuna usafiri, kuna ushuru, kuna faida ya mwenye duka. Ndiyo maana 38,000.

Saa ya kati inakupa nini? Kwanza, GPS yake yenyewe. Saa husikiliza satelaiti zilizo zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu. Kila satelaiti hutangaza saa yake, na kile kidude mkononi mwako hupima ujumbe umechukua muda gani kufika, kisha kikipata angalau satelaiti nne kinapiga hesabu kujua ulipo. Kumbe GPS nayo ni saa tu, saa nyingi zinaongea. Siku hizi hazisikilizi satelaiti za Marekani peke yake, husikiliza pia za Urusi, Ulaya na China. Pace 3 husikiliza masafa mawili kwa pamoja, jambo linalosaidia ukiwa katikati ya maghorofa ambapo mawimbi hugonga kuta kabla ya kukufikia. Forerunner 165 haina hilo, lakini skrini yake inang'aa zaidi. Kuhusu betri, watengenezaji wanasema saa 19 za GPS kwa Forerunner 165 na saa 38 kwa Pace 3. Mimi wakati huo nilikuwa nakimbia dakika ishirini na tano. Nilikesha nikilinganisha 19 na 38 kama mtu anayepanga kukimbia hadi Voi.

Pili, mapigo ya moyo. Ile taa ya kijani nyuma ya saa si urembo. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu inajaa mshipani na mwanga unaorudi kwenye saa unapungua, na saa inahesabu hivyo. Ni akili nyingi sana kwa kitu kidogo hivyo. Lakini kuna masharti. Mkanda ubane vizuri, mkono usiwe na baridi, na mchoro wa tatuu unaweza kuzuia. Rangi ya ngozi nyeusi pia hufyonza mwanga huo, kwa hivyo ishara inayorudi kwa watu kama sisi inaweza kuwa hafifu. Hakuna aliyeniambia hivyo dukani.

Nilikuwa karibu kulipa. Tayari nilishaandika namba ya till. Kilichoniokoa ni kifundo cha mguu cha mtu mwingine.

*

Rafiki yangu wa kikundi aliteguka akishuka ngazi za kanisa. Daktari akampa wiki sita bila kukimbia. Akanipigia simu. "Chukua saa yangu wiki mbili. Usinunue kitu hujakivaa." Huo ndio ushauri bora wa pesa niliowahi kupewa, na ningependa ningeupata mapema, kabla sijaingia kwenye mambo mengine ambayo si ya saa.

Saa yake ilikuwa ya kati, ya aina ile ile niliyokuwa nikiitafuta. Jumamosi ya kwanza niliivaa tukaenda Karura, ule msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mwaka 1999 usigawiwe wenye majengo. Rafiki yangu alikuja kukaa tu kwenye kahawa na mguu wake. Kabla sijaanza aliniwekea kikomo: mapigo 145 kwa dakika. Nikipita hapo, saa itatetemeka.

Ilitetemeka kabla sijafika kona ya kwanza.

Nikapunguza. Ikatetemeka. Nikapunguza tena hadi nikawa kama namsindikiza mgeni kituoni. Mzee mmoja na mbwa wake wakanipita, na yule mbwa akageuka kuniangalia. Niliona aibu. Mwendo wangu ulikuwa dakika 9 na sekunde 20 kwa kilomita. Kelvin Kiptum alipokimbia 2:00:35 kule Chicago Oktoba 2023, kila kilomita ilimchukua takriban dakika 2 na sekunde 51. Yaani nikimaliza moja, Kiptum ameshamaliza tatu na ameanza ya nne.

Lakini sikusimama. Nilipita njia ya maporomoko, nikapita kwenye mapango ya Mau Mau, nikapanda, nikashuka, na nilipoangalia mkono saa iliandika kilomita 6. Sikuwa nimewahi kukimbia hata mbili bila kushika magoti. Nililia kidogo. Jasho linasitiri.

Hilo saa ilinifundisha, na sitalipokonya. Kwa wiki zote zile nilidhani mimi ni dhaifu, kumbe nilikuwa nakimbia haraka mno. Kila asubuhi nilikuwa nakimbia kwa kasi ya mtu anayekimbia kitu, na kitu hicho nakijua. Hakuna rafiki aliyeweza kuniambia "polepole" nikasikia, lakini ile mtetemo ya mkononi nilisikia.

*

Wiki ya pili ndiyo ilileta maneno.

Kwanza saa ilinipa alama. Hizi saa hukadiria kiasi cha oksijeni mwili wako unachoweza kutumia kwa dakika kwa kila kilo ya uzito, kutokana na mwendo wako na mapigo yako. Ni makadirio tu, na huku Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na kila mtu huchoka mapema kuliko angekuwa Mombasa. Hayo nayajua sasa. Siku ile nilijua tu kwamba alama yangu ilikuwa kwenye rangi nyekundu. Nilienda kazini nikiwa mnyonge, kama nimerudishiwa mtihani.

Kisha usiku. Nilianza kuamka saa nane kuangalia mapigo. 58. Sawa. Saa tisa, 61. Sawa. Saa kumi, 67. Kwa nini 67? Nalala chali nikisikiliza moyo, na moyo ukisikilizwa huongeza kasi. 74. Asubuhi saa inaniambia sikulala vizuri. Nikaiambia, kwa sauti, peke yangu kejani, "Ni wewe."

Halafu Jumamosi ya pili. Karura tena, sehemu tambarare, nakimbia taratibu kabisa, nikitazama nyani. Saa ikatetemeka. Nikaangalia: 172. Nikapunguza. 173. Nikatembea. Bado 170. Sikuwa nimechoka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mama pia hakusikia chochote. Alikuwa anakaanga vitunguu.

Nilikaa kwenye gogo kando ya njia. Mikono ilinitetemeka. Nikafikiria mkono wa kushoto, nikaukunja vidole, vikakunjika. Nikanyoosha. Nikatabasamu nione kama uso unashuka upande mmoja, nikiwa peke yangu msituni, natabasamia mti. Mwishowe nikakumbuka somo la sayansi la shule ya msingi. Nikaweka vidole viwili shingoni na kuhesabu sekunde kumi na tano. Mapigo 31. Mara nne, 124. Nikahesabu tena. 29.

Baadaye nilisoma kwamba hilo linajulikana. Mkono ukirukaruka wakati wa kukimbia, sensa inaweza kushika mdundo wa hatua badala ya mdundo wa moyo, na itachukua muda kujirekebisha hata ukisimama. Hatua zangu ni kama 170 kwa dakika. Saa ilikuwa inahesabu miguu. Wanaotaka uhakika hununua mkanda wa kifuani, ambao husikiliza umeme wa moyo wenyewe na hausumbuliwi hivyo na mikono.

Ukifikiria, ni kosa dogo, na mkanda ukibana zaidi pengine lisingetokea. Lakini pale kwenye gogo nilielewa kitu kuhusu zile kurasa sita. Sikuwa natafuta kitu cha kunionyesha kilomita. Nilikuwa natafuta kitu cha kuniambia, kila dakika, kwamba sitaanguka jikoni.

Na hakuna saa kati ya zile sita iliyokuwa inapima presha.

Nilikuwa nimelijua hilo tangu siku ya kwanza, limeandikwa wazi. Mapigo ya moyo na presha ni vitu viwili. Siku Mama alipofikishwa hospitalini, mapigo yake yalikuwa 78, ya mtu aliyekaa akinywa chai, na presha ilikuwa 210 kwa 118. Nilikuwepo. Niliona namba zote mbili kwenye skrini moja. Na bado miezi yote ile nilikuwa nahesabu gramu za saa inayopima ile namba ambayo haikutusaidia.

*

Wikendi iliyofuata nilichukua treni ya asubuhi ya SGR, ile inayosimama vituo vyote, nikashuka Voi. Saa bado nilikuwa nayo, ilibaki siku mbili niirudishe. Mama aliiona kabla hajaniona mimi.

"Hiyo nini?"

"Saa, Mama. Ya kuazima."

"Inasema saa ngapi?"

"Saa tisa na robo."

Akaangalia ukutani. "Sawa na ile yangu."

"Hii inapima na mapigo ya moyo. Na usingizi."

"Usingizi?"

"Inaniambia kama nimelala vizuri."

"Kwani mwanangu, wewe ukiamka hujui?"

Wajukuu wakacheka. Nikacheka. Akauliza bei nikamdanganya, nikapunguza nusu, na bado akasema Mungu wangu. Halafu akaniuliza, bila utani sasa, "Inapima presha?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi mimi ningependa inayopima presha."

Nikamuuliza amepimwa lini mara ya mwisho. Akasema siku ya kliniki. Kliniki ilikuwa lini? Miezi miwili iliyopita. Ile ya mwezi huu hakwenda, kwa sababu kwenda na kurudi ni boda mia mbili, na mara ya mwisho alipanga foleni hadi saa sita, ikafika zamu yake mashine ikakosa betri. Vidonge anameza? Anameza. Kila siku? Akaangalia pembeni. "Karibu kila siku."

Mkono wa kushoto ulikuwa mapajani. Nami saa ilikuwa mkono wa kushoto, inawaka taa yake ya kijani.

*

Nitakupa hesabu, kwa sababu najua ndiyo uliyoijia.

Mashine mbili za kupima presha, zile za kufunga juu ya kiwiko: 4,800 kila moja, jumla 9,600. Daktari aliniambia nichukue za mkono wa juu badala ya za kifundo, na nihakikishe mkanda unatosha unene wa mkono, la sivyo namba zitadanganya. Raba za kukimbia: 7,000, kwa sababu zile nilizokuwa nazo zilikuwa zimeisha soli. Mkanda wa kiunoni wa kuweka simu: 600. Nauli ya Voi na shopping ya Mama: 2,800. Jumla 20,000. Zile 20,000 zilizobaki nikaziweka MMF nisizione.

Mashine ya Voi ilikuwa na tatizo ambalo sikulifikiria. Mama alishauriwa apimwe mkono wa kulia, ule mzima, lakini mtu hawezi kujifunga mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto usiofanya kazi. Kwa hivyo kazi ni ya mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja. Kila asubuhi kabla ya shule anamkalisha bibi yake, miguu chini, mgongo umeegemea, dakika tano bila kuongea. Hizo dakika tano bila kuongea ndizo ngumu zaidi kwa Mama. Kisha anafunga, anabonyeza, anaandika kwenye daftari na kunitumia WhatsApp.

Wiki ya kwanza namba zilikuwa mbaya. 164/98. 160/97. 168/101. Nilizituma kwa daktari wake, akamwita, akabadilisha dawa moja, na akamweleza Mama mbele ya mpwa wangu kwamba "karibu kila siku" si kila siku. Sasa mpwa wangu anasimamia na vidonge pia, bila huruma. Wiki iliyopita ilikuwa 138/84, kisha 134/82. Mimi mwenyewe, baada ya miezi mitano ya kukimbia polepole na kuacha kutia chumvi mezani, niko 132/85. Daktari hajasema nimepona. Amesema niendelee.

Ninapima mara mbili kwa wiki tu, asubuhi. Niliweka sheria hiyo kwa sababu najijua. Ningeweza kuigeuza mashine hiyo kuwa saa nyingine ya usiku wa manane.

*

Sasa, saa inafaa kununuliwa au haifai?

Ukiniuliza kwenye kikundi, nitakujibu hivi. Ikiwa tayari unakimbia mara tatu au nne kwa wiki, na umefanya hivyo kwa miezi sita bila kubembelezwa, nunua. Itakusaidia na mwendo, itakuachia mikono wazi, na hutakuwa na simu ya kunyang'anywa. Ikiwa unajiandaa kwa nusu marathoni na huwezi kujizuia kuanza kwa fujo, nunua. Toleo la nyuma kidogo litakutosha. Usilipie betri ya saa 38 kama unakimbia dakika arobaini. Azima kwanza, ulale nayo, uone inakufanya nini usiku. Na ikiwa unataka kununua ili uanze kukimbia, weka pesa hizo pembeni uanze kukimbia kesho. Mwezi ukiisha bado unakimbia, tutaongea.

Mimi siku hizi nakimbia na simu kiunoni, na napima mwendo kwa mdomo. Nikiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, niko sawa. Nikishindwa, napunguza. Kwa hivyo asubuhi nikipita Kamiti Road naongea peke yangu, na mama wa mandazi anaamini naomba. Juzi aliniambia nimkumbuke na yeye.

Saa ya rafiki yangu niliirudisha. Aliivaa pale pale, akaangalia takwimu zangu za wiki mbili, akaniuliza mbona kuna siku nimeangalia mapigo saa nane, saa tisa na saa kumi usiku. Nikamwambia ni stori ndefu. Akasema ana muda, mguu bado.

Jana nilifunga kurasa tano. Ya duka lenye dhamana ya mwaka nimeiacha. Desemba ikifika na bado nakimbia mara tatu kwa wiki, nitachukua zile za MMF, niongezee, nione. Huenda nikanunua. Napenda ile mtetemo, sitajifanya.

Asubuhi ya leo simu iliita kabla sijavaa raba. Picha ya daftari: 136/83, mwandiko wa mtoto. Chini yake ujumbe wa sauti wa Mama, sekunde nne. "Haya, mimi nimepimwa. Wewe umekimbia?"